Nyumba Ndogo na Watu Wengi: Nini Kilale Pamoja Nasi?

Nyumba nyingi katika vilima vya Ituri ni ndogo. Ni chumba kimoja au viwili, kuta za miti na udongo, mlango mmoja, na dirisha dogo au hakuna dirisha kabisa. Ndani yake wanalala baba na mama na watoto wao. Tena, tangu vita vilipoanza upya katika Djugu mwezi wa Desemba 2017, jamaa nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Nyumba iliyojengwa kwa watu watano, leo inalaza watu tisa au kumi. Ni vema kuwapokea ndugu. Lakini kuta hazikusogea walipoingia.

Tena si watu peke yao wanaoingia usiku. Magunia ya maharagi na mahindi yanaingia, kwa sababu ya wezi. Mbuzi wanaingia, kwa sababu hiyo hiyo. Kuku wanaingia. Mbabula inaingia na makaa yake, kwa sababu usiku ni baridi. Rethy na vijiji vya jirani viko juu, karibu mita 2,000. Mwisho watoto wanatandika mikeka katika nafasi iliyobaki, kati ya gunia na mbuzi.

Mama wengi wanatuuliza: “Munganga, nyumba ni moja tu. Nitaviweka wapi vyote hivi?” Ni swali la kweli. Lakini liko swali jingine linalotangulia: Ni kitu gani kisichopaswa kulala pamoja na watu? Mkijua hilo kwanza, kupanga vilivyobaki ni rahisi zaidi.

NJIA YA PANYA

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo hatari kubwa ya inchi yetu ilipo. Panya hafuati watu. Anafuata maharagi na mahindi. Gunia likikaa chini kando ya ukuta, panya anatoboa tundu katika udongo, anaingia usiku, anakula, na anajenga kiota chake nyuma ya gunia au katika majani ya paa. Katika manyoya ya panya wako viroboto. Na katika damu ya panya wa Ituri vijidudu vya tauni vinaonekana mara kwa mara.

Vijidudu hivyo vilipatikana na munganga Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne nyuma yake, yaani mwaka 1898, munganga Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi kwamba ni kiroboto anayevitoa katika panya na kuvitia katika mtu. Jambo ni hivi: panya mwenye tauni anakufa, mwili wake unapoa, na viroboto wanauacha kutafuta damu nyingine yenye joto. Wanamtafuta nani? Aliye karibu nao, chini, juu ya mkeka.

Wengine wanadhani tauni ni habari ya vitabu vya kale. Sivyo. Toka mwaka 2010 hata mwaka 2015, wagonjwa 3,248 walihesabiwa duniani, nao 584 walikufa; na Kongo ni mojawapo ya inchi tatu zenye tauni nyingi, pamoja na Madagaska na Peru. Mwaka 2020, katika eneo la afya la Rethy, watu zaidi ya 40 waliugua kwa muda wa majuma machache tu, na tisa walikufa.

Kiroboto hana mabawa. Anaruka kwa miguu yake tu, na kwa kawaida harukii juu ya goti la mtu. Kwa hiyo mtoto anayelala chini yuko mahali pa kiroboto, lakini mtoto anayelala juu ya kitanda amemwacha mbali. Basi mambo mawili yanatakiwa: kuinua watu toka chini, na kutoa chakula katika chumba cha kulala. Nayo mambo hayo mawili, mtaona, yanaongeza nafasi katika nyumba.

PIMENI CHUMBA CHENU

Chukueni kamba, mpime. Tuseme chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Ni mita 12 za mraba. Watu saba wakilala chini, kila mmoja anataka karibu mita moja na robo. Hesabu yake inakaribia mita 9. Zinabaki mita 3 tu kwa magunia, vyungu, sanduku la nguo na mbabula. Mtu akitoka usiku lazima akanyage wenzake.

Sasa fikirini kitanda cha miti chenye urefu wa mita 1.90 na upana wa mita 1.20, na kitanda cha pili juu yake. Vyote viwili vinakalia mita 2 na robo tu. Watoto wawili wanalala chini, na wawili juu. Vitanda vya namna hii vikiwa viwili, kila kimoja katika pembe yake, watu wanane wanalala katika mita 4 na nusu, nayo mita 7 na zaidi zinabaki wazi. Nyumba ni ile ile. Ni watu waliopanda juu.

Hakuna haja ya kununua mbao. Miti ya mikalitusi inatosha, na fito au matete juu yake. Chimbieni nguzo chini, mfunge upande mmoja katika miti ya ukuta, kisha watu wazima wawili wakalie kitanda cha juu kabla mtoto hajapanda. Kitanda cha chini kiwe juu kupita goti. Kati ya cha chini na cha juu acheni nafasi ya mtu kuketi bila kugonga kichwa. Kitanda cha juu kiwe na mti wa kuzuia ubavuni, na mtoto ambaye hajatimiza miaka sita asilale huko. Tumefunga mikono mingi iliyovunjika kwa kuanguka. Fito moja ingaliizuia.

Msiache blanketi kuning’inia hata chini. Ni ngazi ya kiroboto. Na chini ya kitanda pawe wazi, ili fagio lipite. Ni hapo mama wengi wanaposukuma gunia, wakisema wamepata nafasi. Nafasi ile ni ya panya.

Chandarua nacho kinataka kufikiriwa. Kimoja kinatosha watu wawili. Cha kitanda cha chini mkifunge katika miti ya kitanda cha juu. Cha juu mkifunge katika miti ya paa. Asubuhi kikunjeni na kukipandisha, kisiburuzwe wala kupasuka. Chandarua kinachofunika magunia au kuku hakimwokoi mtoto na malaria.

CHAKULA KIKAE WAPI?

Ikiwa iko nafasi nje, ghala ni bora kuliko kitu kingine chochote. Sakafu yake iwe mita moja juu ya udongo, na kila mguu uvikwe kipande cha bati, kipana kama sahani kubwa, ili panya asipite. Msiegemeze ngazi wala kuni katika ghala. Ngazi ikibaki usiku, mabati hayana kazi.

Lakini twajua kwamba ghala la nje laweza kuvunjwa na wezi, na katika kambi za waliokimbia hakuna hata mahali pa kulijenga. Kwa hiyo fanyeni hivi. Kausheni maharagi vizuri sana juani, mpaka jino lisiweze kuyapasua. Jazeni bido safi la lita 20 mpaka mdomoni, mlitikise na kuongeza tena, kisha mfunge kifuniko kwa nguvu. Bido moja linachukua karibu kilo 15. Wadudu wanaotoboa maharagi watakufa humo kwa kukosa hewa, na panya hatasikia harufu. Bido lisiwe limechukua petroli au dawa ya shamba, hata likioshwa mara kumi.

Gunia linataka nafasi na haliwezi kubeba kitu juu yake. Mabido yanasimama kwa mstari ukutani, na ubao ukiwekwa juu ni benchi ya wageni. Tumeona nyumba ambamo watu wanakalia mavuno yao kwa njia hiyo, nayo ni akili nzuri. Mahindi yaliyo bado katika magunzi hayaingii katika bido, yapukuchueni kwanza. Unga na chumvi viwe katika kopo lenye kifuniko, juu ya rafu. Kikapu kinachoning’inia pasipo kifuniko hakitoshi. Panya wa nyumba zetu ni mpandaji hodari, anashuka kwa kamba kama baharia.

Na makombo? Yatupeni nje kabla ya kulala. Punje kumi chini ya meza ni karamu.

WANYAMA

Hapa tunajua wengine watatuchekea. Mbuzi ni mali, ni mahari, ni ada ya shule. Nani atamwacha nje? Hatusemi mumwache nje. Tunasema awe na ukuta wake. Kibanda kidogo kilichoegemezwa kwa ukuta wa nyumba, chenye mlango unaofungwa, kinamwezesha baba kumsikia mbuzi akilia usiku. Kama hiyo haiwezekani, jengeni ukuta wa udongo ndani, toka chini hata paani, na mlango wa mbuzi uelekee nje. Kuku ni rahisi zaidi: kibanda cha fito juu ya miguu, chini ya ukingo wa paa.

MOTO NA HEWA

Msilale na mbabula katika chumba kilichofungwa. Kuni zinatoa moshi, nao unawasha macho na kuwaamsha watu. Makaa yaliyowaka vizuri hayatoi moshi, na hiyo ndiyo hatari yake. Yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Kwanza kichwa kinauma, kisha usingizi mzito, na asubuhi watu hawaamki. Kadiri nyumba ilivyo ndogo, hewa hiyo inajaa upesi zaidi. Pikeni nje au chini ya ukingo wa paa, na mbabula ibaki huko. Mtu aliye kitandani hapati baridi ya udongo, na godoro la majani makavu lililoanikwa juani linampasha joto salama.

Dirisha je? Watu wanaliziba kwa sababu ya baridi na wezi. Toboeni matundu mawili chini ya paa, yanayoelekeana, kila moja upana wa viganja viwili, na mtie fito mbili ndani yake. Mwizi hapiti, hewa inapita.

Hewa hiyo inahitajika hasa kama yuko anayekohoa. Mwenye kifua kikuu anapokohoa, vijidudu vyake vinabaki hewani saa nyingi katika chumba kisicho na matundu, na wote wanavivuta. Watu wengi wanamtengea mgonjwa sahani na kikombe, kisha usiku wanalala naye uso kwa uso. Ni kinyume. Kifua kikuu hakipiti katika sahani; kinapita katika hewa. Atakayekohoa kwa majuma mawili na zaidi apelekwe kituo cha afya, makohozi yapimwe. Wakati wa kungoja, alale peke yake karibu na mlango au tundu, na watoto wadogo wawe upande wa mbali. Mchana akae nje. Akipata dawa, na azimeze miezi yote aliyoagizwa, mara nyingi sita.

MKIONA PANYA WALIOKUFA

Jueni jambo hili watu wote wa nyumba, hata watoto. Panya wakianza kufa ovyo, nyumbani au shambani, wala hakuna aliyewawekea sumu, msiwaguse kwa mikono wala kuwala. Mpelekeeni habari muuguzi siku ile ile. Wakati huo msiweke sumu ya panya mpaka viroboto wameuawa kwa dawa, maana kila panya anayekufa anaachia viroboto wake nyumbani mwenu.

Mtu akishikwa na homa kali ya ghafula, na kuona uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, asingoje asubuhi ya pili. Pasipo dawa, tauni ya uvimbe inaua watu 30 hata 60 katika kila 100. Ikishuka mapafuni, mgonjwa anakohoa damu na kuambukiza waliolala karibu naye, na siku moja tu ya kuchelewa yaweza kumwua. Dawa zipo, nazo zinaponya zikianza mapema. Mfikapo kwa muuguzi, mwambieni mambo matatu: homa ilianza siku gani, kama panya walionekana wamekufa, na majina ya wote waliolala chumba kimoja na mgonjwa, pamoja na wageni waliokwisha kurudi kwao, ili nao wapewe dawa ya kuwakinga.