Kwarara na Matope ya Pwani

Kisiwa cha Bwejuu kiko magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia, katika mlango wa bahari unaoitenga Mafia na delta ya mto Rufiji. Maji ya sehemu hizi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yanapokupwa, matope hubaki wazi, na ndege wa pwani hushuka kujitafutia chakula. Mmoja wao ni kwarara mweupe, ambaye wanasayansi humwita Threskiornis aethiopicus.

Ndege huyu ana urefu wa sentimeta 70 hivi. Mwili wake ni mweupe, lakini kichwa na shingo ni vyeusi, tena havina manyoya. Arukapo huinyosha shingo yake, tofauti na yangeyange ambaye huikunja.

Sifa yake kubwa ni mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Kwa kuwa nuru haipenyi matopeni, macho hayamsaidii huko. Badala yake, mfupa wa ncha ya mdomo una vishimo vingi vyenye viungo vidogo vya hisia, ambavyo hutambua mtikisiko. Kwa njia hiyo kwarara hupapasa na kumnasa kaa au konokono asiyemwona. Katika nchi kavu hula pia panzi na wadudu wengine.

Kwa kula hivyo, kwarara huzuia wanyama wadogo wasizidi kiasi. Aidha, kinyesi chake huhamisha naitrojeni na fosforasi kutoka matopeni hadi chini ya miti anamolala na kuzaa.

Katika pwani hii mikoko husaidia kumpatia chakula. Mizizi ya mikoko hukamata tope, na majani yanayoanguka huwalisha kaa. Mikoko ikikatwa ili kupanda mpunga, kama ilivyotokea katika sehemu za delta ya Rufiji, chakula hupungua. Dawa za kuua wadudu nazo zaweza kujilimbikiza katika mlolongo wa chakula hadi zimfikie ndege.

Wamisri wa kale walimtukuza kwarara na kuikausha mizoga yake kwa mamilioni. Hata hivyo, katika karne ya 19 alitoweka Misri. Heshima pekee haimhifadhi ndege. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Wanafunzi wa shule za pwani waweza kuhesabu kwarara wakati wa maji kupwa, penye mikoko na pasipo mikoko, kisha wakalinganisha hesabu hizo mwezi hata mwezi.