Maneno Yetu Hubebaje Maradhi?

Mtu akikohoa karibu nasi, hugeuza uso. Akizungumza, twamsogelea tumsikie vyema. Hata hivyo, kila asemaye hutoa kinywani vitone vya umajimaji, vingi visivyoonekana kwa macho. Na iwapo ana maradhi ya mapafu au ya koo, vijidudu vyaweza kusafiri navyo.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Ujerumani, Carl Flügge, alilichunguza jambo hili. Bakteria waotao madoa mekundu walitiwa kinywani mwa mtu, naye akazungumza chumbani mlimopangwa sahani zenye lishe ya vijidudu. Baadaye madoa mekundu yaliota sahanini, ingawa hakuzigusa.

Vitone hivyo hutokana na nini? Tusemapo, nyuzi za sauti kooni hugusana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Utando wa umajimaji ulio baina yake hukatika ukawa vitone. Midomo nayo hufanya vivyo hivyo tutamkapo p au b. Kadiri sauti inavyopazwa, ndivyo vitone vinavyoongezeka.

Ukubwa wa kitone ndio uamuao safari yake. Chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita huanguka sakafuni kwa sekunde chache. Chenye upana mdogo mara 20 kuliko huo chaweza kuelea zaidi ya nusu saa, mfano wa vumbi lionekanalo katika mwali wa jua upenyao tundu la bati. Hivi ndivyo kifua kikuu kinavyoenea.

Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 wa Skagit, katika jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Wagonjwa wa UVIKO-19 walifikia 53, akiwemo yeye: 33 walithibitishwa kwa vipimo, na 20 walihesabiwa kwa dalili. Wawili walifariki.

Yatupasa kulikumbuka hilo darasani, hasa asubuhi za baridi, madirisha yafungwapo na darasa zima likiitikia kwa sauti moja. Kuketi mbalimbali hutukinga na vitone vizito. Vyepesi havijali umbali huo, bali huondolewa na upepo. Basi mwalimu, kabla ya kuanza somo, na afungue madirisha ya pande zote mbili.