Mikataba ya serikali kuhusu utoaji mimba: inakuhusu nini wewe na binti yako?

Huenda umesikia redioni kwamba serikali za Afrika zimeridhia mkataba kuhusu afya ya wanawake, au kwamba Marekani imezuia fedha kwa mashirika yanayohusika na utoaji mimba. Ukiwa Kilolo, Mufindi, Rungwe au Chunya, habari hizo zinaonekana za mbali. Lakini uvumi wake unafika hadi nyumbani: "Ukienda hospitali na mimba iliyotoka, utakamatwa." Mwanamke akiuamini, anaweza kubaki ndani akitokwa damu hadi muda wa kumwokoa upite.

Ukurasa huu unaeleza mikataba hiyo inasema nini. Shika jambo moja tangu mwanzo: serikali zinatofautiana sana kuhusu utoaji mimba, lakini hakuna sheria wala mkataba kati ya hii tunayoieleza unaokataza kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika au imetolewa.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya utoaji mimba kuwa kosa. Kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kutoa mimba, hadi miaka 3.

Kifungu cha 230 kinaweka nafasi moja: mtaalamu anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama hana kosa la jinai.

Soma tena vifungu hivyo. Kinachoadhibiwa ni kutoa mimba. Kumtibu mtu anayetokwa damu, mwenye homa au maambukizi ya kizazi si kosa. Ni kazi ya kila siku ya wauguzi na madaktari.

Itifaki ya Maputo ni nini?

Ni mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, uliopitishwa mjini Maputo, Msumbiji, Julai 2003. Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Ibara ya 14 inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba unaofanywa kitabibu pale mwanamke amebakwa, amepata mimba kwa ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya au maisha yake.

Basi kwa nini binti aliyebakwa Iringa hapati huduma hiyo kisheria? Kwa sababu kwetu mkataba uliosainiwa na serikali hauwi sheria ya mahakamani wenyewe tu. Bunge linapaswa kutunga au kubadilisha sheria ya ndani, na Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa kuingiza sababu hizo. Nchi nyingine zimefuata njia tofauti. Kenya na Uganda ziliridhia itifaki hiyo lakini zikaweka pingamizi kwenye kipengele hicho. Kongo iliitangaza kwenye gazeti lake rasmi mwaka 2018, na hapo ikapata nguvu ya kisheria.

Na mikataba mingine?

Septemba 1994, serikali 179 zilikutana Cairo, Misri, kuzungumzia idadi ya watu na maendeleo. Hazikukubaliana kuhusu kuruhusu utoaji mimba. Zilisema kila nchi iamue kwa sheria zake, na kwamba utoaji mimba usihimizwe kamwe kama njia ya uzazi wa mpango. Lakini zilikubaliana kwamba katika hali zote, mwanamke aliyepata madhara ya utoaji mimba apate huduma bora.

Oktoba 2020 Marekani na nchi nyingine zilisaini Azimio la Geneva, linalosema hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba. Majirani zetu Kenya, Uganda na Zambia walikuwamo. Tanzania haikuwa kwenye orodha hiyo.

Tangu mwaka 1984 Marekani pia imekuwa na kanuni inayoyanyima fedha mashirika ya nje yanayotoa huduma au ushauri wa utoaji mimba. Huondolewa na kurudishwa kila chama tawala kinapobadilika. Ilirudishwa tena Januari 2025. Fedha zikikatwa, huduma za mkoba za uzazi wa mpango zinaweza kupungua vijijini. Lakini hata kanuni hiyo kali haijakataza kutibu madhara ya mimba iliyotolewa.

Dalili zisizosubiri kesho

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona:

- damu inalowesha pedi mbili au zaidi kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo;
- homa au kutetemeka;
- uchafu wenye harufu mbaya ukeni;
- maumivu makali ya tumbo yasiyopungua;
- kizunguzungu, kuzimia, au mikono na miguu kuwa baridi;
- maumivu ya tumbo pamoja na ya bega. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Akizimia au akiwa hoi, usihesabu pedi. Ondokeni. Usimwekee kitu chochote ukeni, wala usimpe dawa ya kienyeji ya "kusafisha tumbo".

Kama usafiri ni shida, hasa masika barabara zikiharibika, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura.

Kituoni atafanyiwa nini?

Watapima shinikizo la damu, mapigo ya moyo na wingi wa damu. Masalia yakiwa yamebaki kwenye kizazi, yataondolewa kwa dawa au kwa kifaa cha mkono cha kufyonza, huduma ambayo wengi wanaiita kusafishwa kizazi. Anaweza kupewa dripu, damu au dawa za kuua vijidudu. Vituo visivyo na uwezo huo humpa rufaa. Kwa Mbeya ipo hospitali ya wazazi ya Meta, na kwa Iringa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Kama alikunywa au aliwekewa kitu, amwambie muuguzi ni kitu gani, kwa sababu kinaweza kubadilisha matibabu. Mhudumu anapaswa kutunza siri ya mgonjwa. Akitumia maneno ya kukudhalilisha, omba kuonana na mganga mfawidhi.

Kabla ya kuondoka, aulizie uzazi wa mpango. Mimba nyingine inaweza kutunga ndani ya wiki mbili tu, hata kabla hajaona hedhi.

Kama binti yako amebakwa

Usisubiri hadi mimba ionekane. Mpeleke hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora: atapata dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi siku ya tano. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla hajapimwa. Toeni taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ni mtoto, unaweza pia kupiga 116 bila malipo.

Na kama mimba imeshatunga, akajifungua, shule haijaisha kwake. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni.

Mwambie binti yako leo, kabla hakujatokea lolote: "Ukiumwa tumbo au ukitokwa damu, niambie mimi kwanza. Tutaenda hospitali, maswali baadaye." Kama ni mlezi, shangazi au bibi, nawe unaweza kuwa mtu huyo wa kuambiwa.