Raga: Kila namba mgongoni ina mzigo wake

Na Mwandishi Wetu, London

Jumamosi moja alinipigia simu mama mmoja wa Mombasa, jirani yangu hapa London, akiwa na wasiwasi mkubwa. Mwanawe wa miaka 15 amerudi kutoka shule na habari kwamba kocha amempa jezi namba 3 katika timu ya raga. Kijana anafurahi. Mama, ambaye raga ameiona mara mbili tatu tu kwenye televisheni, alitaka kujua huyo namba 3 hufanya kazi gani, na kama shingo ya mwanawe itasalimika.

Alinipigia mimi kwa sababu anajua kuwa kabla ya kuikimbia nchi yangu nilikuwa mwandishi wa habari, na kwetu mwandishi hudhaniwa anajua kila kitu. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa soka, raga nimeijua ukubwani huku ughaibuni. Lakini swali lake ni la maana, na naamini wazazi wengi wenzetu, hapa Uingereza na huko Nairobi na Kampala, wanajiuliza hivyo hivyo.

Mpenzi msomaji, tuanze na hesabu. Raga ya wachezaji 15 huchezwa kwa dakika 80. Jezi namba 1 hadi 8 ni watu wa mbele, wanaogombea mpira. Namba 9 hadi 15 ni watu wa nyuma, wanaoukimbiza. Katika soka beki anaweza kusogezwa kiungo na mambo yakaenda. Katika raga kila namba ina kazi yake, na kazi hiyo ina mwili wake.

WATU WA MBELE

Namba 1, 2 na 3 ndio mstari wa kwanza wa skramu. Skramu ni pale watu 8 wa kila upande wanapofungamana na kusukumana ili kuupata mpira, baada ya kosa dogo. Katika timu za taifa, watu hao 8 wa upande mmoja pekee huwa na uzito wa zaidi ya kilo 900.

Namba 1 bega lake moja liko nje, huru. Namba 3 kichwa chake kinaingia katikati ya wapinzani wawili, na mabega yote mawili yanabeba mzigo. Anahitaji mapaja ya kusukuma, mgongo ulionyooka na shingo imara. Unene peke yake haumsaidii.

Aliyeiona fainali ya Kombe la Dunia la 2019 mjini Yokohama anaelewa. Dakika za mwanzo kabisa, namba 3 wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongwa kichwani na kutolewa. Dan Cole, aliyekuwa benchi, akalazimika kucheza zaidi ya dakika 70 dhidi ya Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe aliyevaa namba 1 ya Afrika ya Kusini. Skramu ya Uingereza ikaadhibiwa tena na tena. Mapema kipindi cha pili Afrika ya Kusini wakaingiza namba 1 na namba 3 wapya, wenye pumzi mpya. Mechi iliisha 32–12.

Nyuma yao husimama namba 4 na 5, ambao ni warefu kama minazi. Eben Etzebeth wa Afrika ya Kusini ana mita 2.03. Hawa husukuma, kisha hunyanyuliwa juu na wenzao kudaka mpira unaporushwa kutoka pembeni. Namba 6, 7 na 8 ni watu wa kukimbia na kuangusha wapinzani. Katika fainali ya 2023 mjini Paris, Pieter-Steph du Toit aliangusha watu mara 28, na Afrika ya Kusini wakaishinda New Zealand 12–11.

WATU WA NYUMA

Huku nyuma ndiko kunakopatikana wafupi. Faf de Klerk, namba 9 katika fainali hizo zote mbili, ana kama mita 1.72. Kazi yake ni kuufuata mpira kila unapoangukia, kuinama na kuutoa upesi. Namba 10 hupanga mchezo na kupiga mateke. Namba 12 na 13 hukabiliana uso kwa uso na watu wanaokuja kwa kasi. Namba 11 na 14 ni wa mbio, na namba 15 hudaka mipira ya juu huku akivamiwa.

Kwa jumla, mchezaji anayemaliza mechi hukimbia takriban kilomita 5 hadi 7. Wa nyuma hukimbia zaidi, tena kwa kasi, hivyo misuli ya mapaja huwachanika. Wa mbele hukimbia pungufu lakini hugongana mara nyingi zaidi.

Wenzetu wa Kenya wamezoea raga ya wachezaji 7, ile iliyowapa ubingwa wa Singapore mwaka 2016 walipoichapa Fiji 30–7. Huko uwanja ni ule ule na watu ni nusu, hivyo kila mmoja lazima awe na mbio. Hata skramu yake ina watu 3 tu kila upande. Namba 3 mnene hana nafasi huko.

GHARAMA YAKE

Steve Thompson alikuwa namba 2 wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alitangaza kuwa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kulitwaa kombe hilo.

Sheria zimebadilika. Tangu 2013 wachezaji wa mstari wa kwanza hushikana kabla ya kuanza kusukumana, badala ya kuvamiana kwa kishindo. Kwa vijana wa chini ya miaka 19, skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Mwaka 2023 Uingereza ilishusha kiwango cha kukaba katika timu za chini: sasa ni chini ya kifua.

Nilimshauri mama amuulize kocha mambo manne. Je, mtoto amefundishwa skramu hatua kwa hatua? Anafanya mazoezi ya shingo? Akigongwa kichwani, nani atamtoa? Na akichoka, nani mwingine aliyefundishwa kazi hiyo?

Alikwenda, akauliza. Matatu ya kwanza yalijibiwa vizuri. La nne, kocha alikiri kuwa hana mwingine, hivyo kijana akitoka, skramu zitafanywa bila kusukumana, kama sheria inavyotaka. Mama akanipigia tena, akacheka kidogo: mzigo mzito wamempa Mnyamwezi. Amemruhusu acheze, ila kila Jumamosi yeye mwenyewe atakuwa pembeni ya uwanja, na kocha ameshaambiwa kwamba kijana akisema amechoka, atoke.