Upinde uliosokoteka usiutupe kwenye kuni

Kiangazi kimeingia na vijana wetu wanachonga pinde. Mtoto anatumia siku mbili kuchonga, kisha mti unakauka na mkono mmoja wa upinde unasokoteka kama jani kavu la muhindi. Anasema umeharibika, anautupa kwenye kuni. Kwa kuwa baba wengi wako mbali kwenye machimbo, mara nyingi ni sisi tu tunaobaki kumwonyesha la kufanya.

Upinde wa namna hiyo ni hatari. Kamba haikai katikati, inateleza, na upinde unaweza kugeuka ukampiga mtoto usoni. Asiuvute kabla haujanyooshwa.

Kwanza tupime. Weka kijiti kimoja kilichonyooka, kikingame penye kushikia, na kingine kikingame karibu na ncha. Ukitazama kutoka upande wa ncha, vijiti hivyo viwili vilale sawa. Kikiinama kimoja, mkono umesokoteka.

Pili, moto. Mti uwe umekauka. Mti mbichi ukipata moto mkali hupasuka. Tumia makaa, si miale. Paka mafuta ya mawese mahali palipopotoka, ili moto uenee na mti usiungue. Elekeza kwenye makaa upande wa tumbo, yaani ule unaomtazama mpigaji. Mgongo usiungue, maana ndio unaovutika na ndio unaokatika kwanza. Sogeza polepole mpaka joto liingie ndani.

Tatu, funga penye kushikia kwenye nguzo imara. Funga kijiti kirefu karibu na ncha, uzungushe kinyume cha ule msokoto, upite kidogo pale unapotaka, kwa sababu mti hurudi nyuma. Kaza kwa kamba, uache mpaka upoe kabisa. Afadhali ulale hivyo usiku mzima.

Nne, subira. Moto umekausha mti kupita kiasi, kwa hiyo uache siku chache kivulini kabla ya kutia kamba. Ukivutwa mapema, unavunjika. Kisha pima tena kwa vijiti vile viwili. Kama bado, rudia.

Elimu hii si ya kwetu peke yetu. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde mdogo angali wa miaka mitatu hivi, na mishale yao huipasha moto, kisha huinyoosha kwa meno.

Makaa yawe karibu na mtu mzima, na mishale ya watoto isiwe na chuma. Mpini wa jembe uliopotoka nao hunyooshwa vivyo hivyo, basi wasichana nao wajifunze.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini mti mkavu nao hunyooka, ukipata moto wa kiasi na mtu asiye na haraka.