Ramani ya Makazi ya Popo: Pale Uhifadhi na Tiba Vinapokutana

Jua linapotua nyuma ya majengo ya Kivukoni, abiria wanaosubiri pantoni ya Kigamboni wakiinua macho huweza kuwaona popo wa matunda wakitoka kwenye miti ya katikati ya jiji kwenda kutafuta chakula. Kwa wakazi wengi popo hawa ni kero. Kinyesi chao huchafua kuta na magari, na makelele yao husikika hadi usiku wa manane. Tangu ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, kero hiyo imeongezewa hofu, na swali hurudi mara kwa mara: je, si salama zaidi kuikata miti wanamolala na kuwafukuza?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kitaalamu. Sehemu kubwa ya jibu inatoka katika kazi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wahifadhi peke yao, yaani uchoraji wa ramani za makazi ya mamalia wa porini ili kubaini maeneo wanayoishi bila ulinzi wowote. Makala haya yanaeleza namna ramani hizo zinavyotengenezwa, zinachofichua, na kwa nini mhudumu wa afya na mgonjwa wanazihitaji.

Ramani hutengenezwaje

Hatua ya kwanza ni kukusanya kumbukumbu za mahali ambapo mnyama amewahi kuonekana kwa uhakika. Kumbukumbu hizo hutoka katika vielelezo vilivyohifadhiwa kwenye makumbusho, taarifa za askari wa wanyamapori, kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, na maelezo ya wanavijiji yaliyohakikiwa. Kila kumbukumbu huandikiwa latitudo, longitudo na tarehe.

Hatua ya pili ni kulinganisha mahali hapo na hali ya mazingira: kiasi cha mvua, joto, mwinuko, aina ya uoto, na umbali kutoka mapangoni, mtoni au mashambani. Kwa kutumia hesabu za kompyuta, mtafiti hutambua mazingira ambayo mnyama huyo huyapendelea, kisha hutafuta mazingira yanayofanana nayo katika maeneo ambayo hayajawahi kuchunguzwa. Matokeo yake ni ramani inayoonyesha uwezekano wa mnyama kupatikana, kutoka mdogo hadi mkubwa. Ramani ya namna hiyo si ushahidi kamili. Ni lazima watu waende msituni au pangoni kuhakiki, kama vile daktari anavyothibitisha dalili kwa kipimo cha maabara kabla ya kuandika jina la ugonjwa.

Hatua ya tatu ni kuilaza ramani hiyo juu ya ramani ya maeneo yaliyohifadhiwa kisheria. Tanzania imetenga takriban theluthi moja ya nchi kavu kwa uhifadhi wa namna mbalimbali: hifadhi za taifa, Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mapori ya akiba, misitu ya hifadhi na maeneo yanayosimamiwa na jumuiya za vijiji. Hata hivyo, wingi wa eneo peke yake hautoshi. Palipo na makazi ya mnyama lakini hapana ulinzi, wataalamu huita pengo. Kuyatafuta mapengo hayo ndiyo shabaha ya kazi yote.

Mapengo yaliyo karibu na jiji

Mkazi wa Kariakoo anaweza kudhani kuwa habari hizi ni za Serengeti. Sivyo. Ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam kuna Pori la Akiba Pande, kipande cha msitu wa pwani chenye eneo lisilofika kilomita za mraba 20. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliye katika hatari ya kutoweka, ambaye hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kusini magharibi mwa jiji, katika vilima vya Pugu, mahandaki ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini yamekuwa maskani ya maelfu ya popo. Misitu hii imelindwa kisheria, lakini imezungukwa na makazi ya watu, mashamba na matanuri ya mkaa. Mnyama avukaye mpaka wa msitu hujikuta mara moja katika ardhi isiyo na ulinzi.

Kisiwa cha Pemba kinatoa mfano ulio wazi zaidi. Huko yuko popo mkubwa wa matunda, Pteropus voeltzkowi, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Aliwindwa kwa ajili ya nyama, na miti aliyoitegemea ilikatwa. Mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watafiti walipozunguka kisiwani kuorodhesha viota vyake, ilidhihirika kuwa kulilinda eneo la msitu wa serikali wa Ngezi peke yake kusingetosha. Viota vingi vilikuwa katika ardhi za vijiji, na vingine katika miti ya makaburini, ambayo watu kwa heshima ya marehemu wao hawakuikata. Kwa hiyo ulinzi ulipelekwa kwa wanavijiji wenyewe. Vikundi vya uhifadhi vilianzishwa, na Kidike ikawa mahali pa wageni kuwatazama popo hao kwa ada. Kufikia mwaka 2008 idadi yao ilikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, na daraja lao la hatari likashushwa.

Ramani na ugonjwa

Ramani hiyohiyo inayomwonyesha mhifadhi pengo humwonyesha daktari mahali pa kukutana. Ardhi isiyo na ulinzi ndiko msitu unakokatwa, machimbo yanakofunguliwa na mnyama anakolala karibu na binadamu. Virusi vinavyoishi katika mwili wa mnyama bila kumdhuru hupata nafasi ya kumfikia mtu hapo.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha ramani ya maeneo ya Afrika yenye mazingira yanayoruhusu virusi vya Marburg kutoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Walitaja nchi 27, zikiwamo za eneo la Maziwa Makuu. Miaka minane baadaye ugonjwa ulithibitishwa Kagera. Watu tisa waliugua na sita kati yao walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Mwezi Januari 2025 ukazuka tena katika Wilaya ya Biharamulo, mkoa huohuo, na wagonjwa wote kumi, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walipoteza maisha.

Hapa kuna jambo ambalo hofu hulifunika. Popo si aina moja. Hifadhi ya asili ya virusi vya Marburg inayotambuliwa na sayansi ni popo wa matunda aitwaye Rousettus aegyptiacus, alalaye mapangoni na migodini. Popo wa rangi ya nyasi kavu, Eidolon helvum, alalaye juu ya miti kwa makundi makubwa hata mijini, ni aina nyingine, naye hajathibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Kuukata mti wa mjini kwa kuogopa Marburg ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

Hata kwa popo wa mapangoni, kuwaua hakujaleta usalama. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa Marburg. Baadaye popo wa mgodi huo waliangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika mji wa Ibanda, takriban kilomita 20 kutoka mgodini. Watafiti waliporudi Kitaka waliwakuta popo wachache waliohamia upya, lakini kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa asilimia 13.3, ilhali awali kilikuwa asilimia 5.1. Maelezo yanayokubalika ni kuwa nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na popo wageni, wengi wao wachanga na wasio na kinga, na virusi huenea kati yao kwa urahisi zaidi.

Kuna hasara nyingine pia. Popo wa matunda huchavusha maua ya mbuyu yanayochanua usiku, na husambaza mbegu za miti ya msituni mbali na mti mama. Jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja kwa mwaka, hivyo kundi lililoangamizwa huchukua muda mrefu kurejea.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Kwa mhudumu wa afya, ramani ya makazi huanza na historia ya mgonjwa. Mtu mwenye homa kali ya ghafla, maumivu makali ya kichwa na kutapika aulizwe, pamoja na kupimwa malaria, alikuwa wapi katika siku 21 zilizopita: je, aliingia pangoni au mgodini, alimgusa mnyama wa porini aliye hai au mzoga, alimuuguza au kumzika mtu aliyefariki kwa ugonjwa usiojulikana? Kivukoni ni njia ya wasafiri kutoka mikoa yote, na jibu moja la kweli laweza kuokoa wodi nzima. Palipo na shaka, mgonjwa atengwe, kinga za mwili zivaliwe na taarifa itolewe bila kuchelewa, kwa kuwa Marburg huenea kati ya binadamu kwa kugusana na majimaji ya mwili.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, kanuni ni chache. Popo asishikwe kwa mikono mitupu, hata akiwa ameanguka. Aliyeumwa au kukwaruzwa na popo, mbwa au mnyama wa porini aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa. Embe au pera lenye alama za meno ya mnyama litupwe, na matunda yote, yakiwamo yanayonunuliwa sokoni Kariakoo, yaoshwe kabla ya kuliwa. Kinyesi cha popo kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowekwe kwanza kwa maji, na anayekisafisha afunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake laweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu.

Palipo na kero ya kweli, kama vile popo kuingia darini, matundu huzibwa kwa ushauri wa maofisa wa wanyamapori, baada ya popo wenyewe kutoka na katika msimu ambao hawana watoto wasioweza kuruka. Njia hiyo huondoa usumbufu bila kuwaua popo.

Basi abiria wa pantoni anayewatazama popo wa Kivukoni jioni hana sababu ya kuwakimbia wala ya kuwarushia mawe. Umbali kati yake na wao ni kinga kwa pande zote mbili. Kila mti, msitu au pango la popo linalotambuliwa ramanini na kupewa ulinzi huudumisha umbali huo, na kila linaloharibiwa huwasogeza wanyama hao karibu zaidi na mlango wa nyumba.