Mtu Hapimwi kwa Mizani

Na Karani wa Parokia, Nyahanga

Sisi tunaokaa Nyahanga na vijiji vya Kahama twaijua sana mizani. Mpunga hupimwa, pamba hupimwa, na dhahabu hupimwa kwa mizani ndogo ambayo hata pumzi ya mtu yaweza kuitikisa. Mchimbaji akileta chembe zake, mnunuzi huziweka juu ya kisahani, hutazama, kisha hutaja bei. Hakuna ubaya katika hayo. Kila kitu cha kuuzwa kina bei yake.

Ubaya ulianza pale watu walipomweka binadamu mwenzao juu ya kisahani hicho.

Asubuhi moja, kabla ya kengele ya Misa, mama mmoja kijana alikuja katika ofisi ya parokia. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, amemfunika kwa khanga mbili, na jua lilikuwa bado halijachomoza.

“Mwangaluka, Mwalimu,” akasema.

“Mwangaluka, mama. Karibu uketi.”

Hakuketi. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Naomba umwandike mtoto wangu abatizwe. Lakini, Mwalimu, haiwezekani abatizwe peke yake, siku ambayo watu hawapo?”

Akaifunua khanga. Alikuwa mtoto mwenye ualbino, mzima, mwenye afya, ananyonya kidole chake.

Nikamwuliza jina la baba, kwa kuwa kitabu kinalitaka. “Andika jina lake,” akajibu, “ingawa yeye mwenyewe amekwenda zake. Alisema mtoto huyu si wake. Naye mama yake alisema nimeleta mkosi nyumbani.”

Nikafungua kitabu cha ubatizo. Wasomaji wengi hawajapata kukitazama. Mna nafasi ya namba, ya jina, ya siku ya kuzaliwa, ya siku ya ubatizo, ya baba, ya mama, ya msimamizi na ya padre. Hamna nafasi ya rangi ya ngozi. Hamna nafasi ya mali, wala ya kabila, wala ya uzima wa viungo. Mtoto wa tajiri hupewa mstari mmoja, na mtoto wa mchunga ng’ombe hupewa mstari mmoja. Mama yule aliniuliza, “Na huyu utamtia alama gani?” Nikamwambia, “Hakuna alama, mama. Mstari wake ni kama wa wengine.” Hapo ndipo alipoketi.

Nami lazima niungame jambo. Nilipokuwa mtoto shuleni, tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Akipita, sisi tulitema mate kifuani, tukacheka, tukamwita zeruzeru. Hakuna mkubwa aliyetukanya. Sisi hatukumwua mtu, lakini tulijifunza mapema kwamba mwenzetu yule alikuwa pungufu kuliko sisi. Mwuaji naye alianza kwa somo lilo hilo.

MAMBO YALIYOTOKEA KWETU

Tangu mwaka 2007 hivi, nchi yetu ilipata aibu kubwa, na sehemu kubwa ya aibu hiyo ilitoka Kanda ya Ziwa. Waganga wa uongo waliwadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta dhahabu na samaki. Watu wakavunja milango usiku. Watoto walikatwa mikono mbele ya mama zao. Njiani watu hawakuona haya kumwita mwenzao “dili”, maana yake kitu cha kumpatia mtu fedha.

Tarehe 23 Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipokaa hapa Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa Wilaya ya Bukombe, ikawahukumu kifo. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Mwanzoni mwa mwaka uo huo Serikali ilikuwa imefuta leseni za waganga wa kienyeji. Watoto wengi walipelekwa mbali na wazazi wao ili wawe salama, wengine katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Fikirini jambo hili: waliotafutwa kuuawa ndio waliokaa ndani ya ua, na waliowatafuta walitembea huru sokoni.

Wala tusiseme ni habari za zamani. Tarehe 30 Mei 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana mwezi wa Juni.

MTOTO NI WA NANI?

Kwa kuwa ujinga ni mama wa ukatili, yatupasa kujua ualbino ni nini. Si laana, si mkosi, wala si kazi ya mizimu. Ni upungufu wa rangi ya ngozi, nywele na macho. Hali hii hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Mtu mweusi kabisa aweza kuibeba mbegu yake maisha yote asijue. Wazazi wawili wanaoibeba wakikutana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa na ualbino.

Basi, wewe baba unayemkana mtoto na kumfukuza mkeo, fahamu kwamba mtoto huyo hakuipata hali hiyo kwa mama peke yake. Nusu yake umeitoa wewe. Wazee wetu walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

THAMANI YETU YATOKA WAPI?

Wengine husema, “Lakini, Karani, watu si sawa. Huyu ana nguvu, yule ni dhaifu. Huyu ana akili, yule hana.” Ni kweli, watu hawalingani kwa nguvu wala kwa akili. Lakini thamani ya mtu haitoki huko. Ingetoka huko, basi kila mmoja wetu angepoteza thamani siku ya kuugua, na mzee angeipoteza kidogo kidogo kila mwaka. Hujafa hujaumbika.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, naye Mtume Paulo awaambia Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 nayo yatambua kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477, na kila mmoja alihesabiwa kuwa mtu mmoja, si nusu mtu. Thamani hiyo hatukupewa na jirani, kwa hiyo jirani hawezi kutunyang’anya.

NA MWUAJI JE?

Hapa somo linakuwa gumu, nami sitaki kulikwepa. Ikiwa thamani ya mtu haipotei, basi haipotei hata kwake aliyeua. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza Katekisimu isahihishwe, ifundishe kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hata mtu aliyetenda kosa zito sana hapotezi hadhi yake. Nilipowasomea wazee wa jumuiya yetu mafundisho hayo, mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, mwana wangu angekatwa panga, usingeniambia hivyo.” Sikumlaumu. Mwuaji akamatwe, ahukumiwe, afungwe, raia wawe salama. Lakini tukisema kwamba yeye si mtu tena, tumeitwaa mizani ile ile aliyoitumia yeye.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, tuache majina mabaya. Tuseme “mtu mwenye ualbino”, au tumwite kwa jina lake la ubatizo, maana analo.

Pili, tumlinde na jua. Ngozi yake huungua upesi, na saratani ya ngozi yaweza kumwua angali kijana. Ampate kofia pana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kujikinga na jua. Tusimpeleke kupalilia saa sita mchana.

Tatu, tumpeleke shule, naye mwalimu amweke mbele karibu na ubao, kwa kuwa macho yake huona kwa shida. Wengi walioitwa wajinga walikuwa tu hawasomi maandishi ya ubaoni.

Nne, tukisikia mganga anaagiza kiungo cha mtu, au mgeni anaulizauliza habari za mtoto, tutoe taarifa upesi kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa polisi. Kunyamaza ni kushika miguu ya mtoto akikatwa.

Tano, tuwakumbuke na bibi zetu. Wangapi katika Usukuma waliuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nao waliyapata mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng’ombe walipokuwa wakitupikia?

Padre alipopata habari za mama yule, alikataa kumbatiza mtoto kwa siri. Alibatizwa Jumapili, kanisa limejaa. Akina mama wa jumuiya walikwenda kumchukua nyumbani kwake, wengine wakitembea mbele yake, wengine nyuma. Yule bibi aliyesema habari za mkosi alikaa benchi la mwisho. Baada ya Misa alikuja polepole, akaomba amshike mjukuu wake.

Baba yake hajarudi. Kama analisoma gazeti hili mahali po pote alipo machimboni, ajue kwamba jina lake limo kitabuni, katika mstari mmoja na mwanawe, nami sitalifuta.